Hanover Wakati wa Theluji

Hanover ni mji mdogo wa jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye ukingo wa Mto Connecticut. Ng'ambo ya mto ni jimbo la Vermont. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 11,870, wanafunzi wakiwemo, na maisha yote ya mji yanazunguka Chuo cha Dartmouth, kilichopewa hati ya kuanzishwa mwaka 1769, kabla Marekani yenyewe haijawa nchi. Wageni wengi hufika Oktoba, misitu inapogeuka rangi nyekundu na manjano, au Juni wakati wa mahafali. Huo ni uzuri wa kweli, lakini eneo zima la New England, yaani kona hii ya kaskazini-mashariki, linao. Upekee wa Hanover huonekana Januari na Februari. Hapo ndipo mgeni anapoona mji uliokaa na baridi kwa muda mrefu, ukajifunza kuichezea, ukaichunguza kwa vipimo, na mwisho ukaifanya sehemu ya elimu yake.

Baridi yenyewe inahitaji maelezo. Hanover iko karibu nyuzi 43.7 kaskazini mwa ikweta, sambamba na Nice, mji wa pwani ya kusini mwa Ufaransa ambako mizeituni hustawi. Umbali kutoka ikweta ni uleule, lakini hali ya hewa haifanani hata kidogo. Nice inakingwa na milima ya Alps na kupashwa joto na Bahari ya Mediterania. Hanover haiko mbali na Atlantiki, ila pepo zake huvuma kutoka magharibi na kaskazini-magharibi, yaani kutoka bara la Kanada ambalo wakati huo limefunikwa na theluji. Bahari iko upande ambao upepo unaelekea, kwa hiyo joto lake halifiki. Tena mji uko bondeni. Usiku usio na mawingu, hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka vilimani na kutuama kando ya mto, hata asubuhi bonde likawa na baridi kuliko mlima unaolitazama. Usiku wa Januari kwa kawaida hushuka nyuzi 10 au zaidi chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na siku za nyuzi 20 chini ya sifuri si ajabu. Theluji huanza Novemba au Desemba na huweza kukaa ardhini hadi Machi.

Mchana ni mfupi. Karibu na tarehe 21 Desemba jua huchomoza kama saa moja na robo asubuhi na kuzama saa kumi na robo, watu wengi wakiwa bado kazini. Kwa mtu aliyezoea nchi za ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima, giza hili la mapema husumbua kuliko hata theluji. Mwili hudhani siku imekwisha ilhali saa za shughuli bado. Ni busara matembezi ya nje yafanywe kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, kisha makumbusho na maktaba ziachiwe jioni. Na siku ya jua kali baada ya theluji kuanguka, mwanga unaoakisiwa kutoka ardhini huumiza macho, hivyo miwani ya jua ina kazi Januari kama ilivyo Julai.

Njia ya kawaida ya kufika Hanover ni kupitia Boston, umbali wa takriban kilomita 200. Mabasi ya Dartmouth Coach hutoka uwanja wa ndege wa Logan na kituo cha South Station, na safari huchukua kama saa tatu. Treni iitwayo Vermonter, inayotoka Washington na kupita New York, husimama White River Junction upande wa Vermont, kilomita chache kutoka Hanover. Mabasi ya Advance Transit huunganisha Hanover na majirani zake Norwich, Lebanon na White River Junction bila kudai nauli. Kwa hiyo gari si lazima, na mtu ambaye hajawahi kuendesha juu ya barafu afadhali asikodi. Barabara husafishwa usiku kucha na magari yenye bamba kubwa la chuma mbele, kisha humwagwa chumvi, kwa sababu maji ya chumvi huganda kwenye baridi kali zaidi kuliko maji matupu. Lakini baridi ikizidi mno, chumvi nayo hushindwa. Hatari kubwa ni barafu nyembamba isiyoonekana, inayofanana na lami iliyolowa tu. Gari likiikanyaga, breki hazisaidii.

Mavazi yana kanuni zake, na anayezikosea hujuta ndani ya saa moja. Koti moja zito halitoshi. Joto hutunzwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo, ndiyo maana wenyeji huvaa tabaka juu ya tabaka: fulana ya sufu au ya kitambaa cha michezo karibu na ngozi, sweta katikati, koti la kuzuia upepo juu. Pamba haifai kuwa tabaka la kwanza, kwani hunywa jasho, hukaa na unyevu, na huunyang'anya mwili joto. Buti ziwe na soli yenye meno, na ziachie nafasi ya soksi nene, maana buti ya kubana huzuia damu kufika kwenye vidole. Masikio, pua na ncha za vidole ndivyo vinavyoanza kuganda. Sehemu ya ngozi ikipauka na kufa ganzi, mtu aingie ndani mara moja na kuipasha joto taratibu, wala asiisugue kwa theluji kama wengine wanavyoshauri. Upepo huongeza madhara, kwa kuwa huondoa ile hewa ya joto inayouzunguka mwili. Ndiyo sababu watabiri wa hali ya hewa hutangaza vipimo viwili, cha joto lenyewe na cha jinsi mwili utakavyoihisi baridi upepo ukivuma.

Ndani ya majengo hali ni kinyume. Tangu 1898 chuo kimepasha majengo yake joto kwa mvuke unaotoka kwenye mtambo mmoja na kupita katika mabomba ya chini kwa chini. Hewa ya ndani huwa kavu sana, midomo hupasuka, ngozi hupauka, na kugusa kitasa cha mlango huleta cheche ndogo ya umeme. Mafuta ya kujipaka na maji ya kunywa mara kwa mara humaliza tatizo hilo. Lipo jingine zito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Februari 1934, tanuri la makaa ya mawe liliharibika katika nyumba moja ya wanafunzi, na hewa ya kaboni monoksidi ikawaua vijana 9 wakiwa usingizini. Hewa hii haina harufu wala rangi. Ni ileile inayoua familia Afrika Mashariki jiko la mkaa linapoingizwa chumbani na milango kufungwa. Leo nyumba za kulala wageni New Hampshire huwekwa vifaa vya kutoa mlio hewa hiyo inapoongezeka, na anayepanga nyumba ya mtu binafsi hana sababu ya kuona haya kuuliza kifaa kiko wapi.

Kabla ya kupanga safari inafaa kuijua kalenda ya chuo. Dartmouth hugawa mwaka katika mihula minne mifupi. Muhula wa vuli huisha kabla ya Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, na wanafunzi hawarudi hadi mapema Januari. Katika wiki hizo mji huwa mtupu. Anayetaka utulivu na njia za theluji zisizo na watu atapenda Desemba, lakini anayetaka kuona chuo kikiwa hai asubiri Januari. Muhula wa majira ya baridi huisha katikati ya Machi, na kilele chake ni Februari.

Katikati ya mji kuna uwanja wa nyasi uitwao Green, ambao wakati huu ni uwanja wa theluji wenye vijia vilivyochimbwa kwa koleo. Upande wa mashariki yamesimama majengo meupe, na kubwa kati yake ni Dartmouth Hall. Hili la sasa lilijengwa baada ya lile la awali kuteketea tarehe 18 Februari 1904, siku ya baridi kali. Lile la kwanza lilikuwa limesimama tangu karne ya 18.

Historia ya mwanzo wa chuo ni ya msimu huu pia, na ina jeraha ndani yake. Mwanzilishi wake, mchungaji Eleazar Wheelock, alikuwa na shule ya vijana wa makabila ya asili ya Amerika huko Connecticut. Mwanafunzi wake wa awali, Samson Occom wa kabila la Mohegan, alikuwa amekuwa mhubiri mwenye kipaji. Wheelock alimtuma Uingereza, na kati ya 1766 na 1768 Occom alihubiri mara zaidi ya 300 na kukusanya takriban pauni 12,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ziliombwa kwa ajili ya elimu ya watu wake. Occom aliporudi aliona zinaelekezwa kwingine. Wheelock alihamia msituni Hanover mwaka 1770, akajenga kibanda cha magogo na kukabili baridi ya kwanza na wanafunzi wachache, na mwaka uliofuata wanne wakahitimu. Hati ya chuo ilitaja vijana wa makabila ya asili, lakini kwa miaka 200 ni wachache sana waliosoma hapo. Ahadi ile ilianza kutimizwa kwa dhati mwaka 1970, chuo kilipoanza kuwaandikisha kwa makusudi, na mwaka 2022 hati na barua za Occom zilirudishwa kwa kabila la Mohegan. Yote haya yanafaa kujulikana na mgeni, kwa sababu mahali panapopendwa kuliko pote majira ya baridi, dakika chache kwa miguu kutoka Green, ni bwawa linaloitwa Occom.

Bwawa la Occom huganda na kuwa uwanja wa kuteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma. Kuganda kwake kunatokana na tabia ya pekee ya maji. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo yale yanayopoa kupita hapo hubaki juu, na barafu huanzia juu kwenda chini. Samaki na mimea huishi kwenye maji ya chini yasiyoganda. Barafu safi na ngumu yenye unene wa sentimita 10 hubeba mtu, lakini gari huhitaji mara kadhaa ya unene huo. Unene hupimwa kabla ya watu kuruhusiwa, na mgeni asikanyage barafu yoyote ambayo wenyeji hawajaikanyaga, hasa ya mto, maana mkondo huila kutoka chini. Anayetaka njia ndefu zaidi huenda Ziwa Morey, Vermont, upande wa kaskazini, ambako theluji hufagiliwa juu ya barafu na kufanywa njia ya kuteleza ya kilomita kadhaa kuzunguka ziwa.

Kuteleza huku kumeacha alama katika historia ya tiba. Januari 1896 mvulana wa hapo mjini, Eddie McCarthy, alivunjika mkono akiteleza kwenye barafu ya Mto Connecticut. Wiki chache kabla yake, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alikuwa ametangaza kugundua miale inayopenya nyama na kuonyesha mifupa. Habari zilifika Hanover haraka. Edwin Frost, mwalimu wa elimu ya nyota, alijaribu mirija ya kioo iliyokuwa kwenye maabara ya fizikia ya chuo na kupata mmoja unaotoa miale hiyo. Tarehe 3 Februari, yeye na kaka yake Gilman, aliyekuwa daktari, walimleta mvulana katika jengo la Reed Hall na kuuweka mkono wake juu ya bamba la picha kwa takriban dakika 20. Mvunjiko ukaonekana. Hiyo inahesabiwa kuwa picha ya kwanza ya eksirei ya mgonjwa kupigwa Marekani kwa ajili ya tiba. Reed Hall bado ipo, kando ya Dartmouth Hall, na wapita njia wengi hawajui walichopita.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, hata hivyo, wanafunzi wengi waliiona baridi kama kifungo. Walikaa ndani na jiko hadi Aprili. Mtu aliyebadilisha hali hiyo ni Fred Harris, kijana wa Brattleboro, Vermont, aliyependa kuteleza kwenye theluji kwa ski, yaani mbao mbili ndefu zinazofungwa miguuni, mchezo ambao Wamarekani wengi hawakuwa wameuona. Desemba 1909 aliandika katika gazeti la wanafunzi akipendekeza waanzishe chama cha matembezi ya nje. Chama kikaanzishwa, kikafanya mashindano ya kwanza mwaka 1910, na mwaka 1911 mashindano hayo yakawa Tamasha la Majira ya Baridi, linalofanyika hadi leo kila Februari. Harris aliandika juu ya michezo hiyo katika jarida la National Geographic mwaka 1920, na vijana wakaanza kuomba nafasi Dartmouth kwa wingi zaidi. Chuo cha mbali, chenye baridi ambayo wazazi waliiogopa, kikaanza kutafutwa kwa sababu ya baridi hiyohiyo.

Kwa miaka mingi tamasha lilikuwa pia wikendi ya kualika wasichana, kwani Dartmouth kilikuwa chuo cha wanaume hadi 1972. Wageni walifika kwa treni maalumu, na familia za mjini zikasaidia kuwapa malazi. Mwaka 1939 Hollywood ilitoa filamu juu ya tamasha hilo. Leo sura yake imebadilika, lakini sanamu kubwa ya theluji katikati ya Green imebaki. Kuijenga ni kazi ya wiki nzima au zaidi: theluji hukusanywa, huloweshwa ikawa uji mzito, hushindiliwa kwenye umbo la mbao na kuachwa igande usiku, kisha huchongwa. Shughuli nyingine ni kuruka majini: shimo hukatwa kwenye barafu ya Occom, na mmoja mmoja hujitosa akiwa amefungwa kamba kiunoni, akavutwa nje baada ya sekunde chache. Mwenye ugonjwa wa moyo asithubutu.

Chama cha Harris kilizaa mengi nje ya tamasha. Kwenye Mlima Moosilauke, wenye urefu wa mita 1,464, mashindano ya kwanza ya taifa ya kuteremka kwa ski yalifanyika mwaka 1933. Mwaka 1935 kilima cha Oak Hill, pembeni mwa mji, kilifungwa lifti ya kamba ya chuma inayopita juu na kuwavuta watelezaji hadi kileleni, ya kwanza ya aina yake Marekani. Kabla ya hapo mtu alipanda kwa miguu saa nzima ili ateremke kwa dakika chache. Uwanja wa chuo wenyewe, Dartmouth Skiway, uko Lyme kaskazini mwa Hanover, na mtu yeyote hulipa na kuteleza. Asiyewahi kuteleza aanze na somo la wanaoanza, au aachane na mteremko na kutumia ski nyembamba za kutembelea tambarare, ambazo hujifunzwa kwa mchana mmoja. Viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji havihitaji mafunzo kabisa.

Ng'ambo ya mto, Norwich, kijiji cha watu wasiozidi 4,000, kimetoa wanamichezo wa Olimpiki ya majira ya baridi kwa idadi ambayo miji mikubwa haijafikia. Mmoja wao, Hannah Kearney, alishinda dhahabu Vancouver mwaka 2010 katika mbio za kuteremka juu ya vinundu vya theluji. Kutoka Hanover hadi Norwich ni mwendo wa miguu kupitia Daraja la Ledyard. Jina hilo ni la John Ledyard, mwanafunzi wa 1772, anayekumbukwa kwa kuwatoa wenzake kwenda kulala msituni katikati ya theluji, na mwaka 1773 kwa kuacha masomo na kuteremka mto kwa mtumbwi aliouchonga mwenyewe. Baadaye alisafiri na Kapteni James Cook, na alifariki Kairo mwaka 1789 alipokuwa akijiandaa kuvuka bara la Afrika.

Pale wanafunzi walipocheza, wengine walifika kupima. Mwaka 1961 Jeshi la Marekani lilianzisha Hanover maabara ya utafiti wa nchi za baridi. Haiko wazi kwa wapita njia, lakini kazi yake inastahili kujulikana na kila anayejali hali ya hewa ya dunia. Mwaka 1966 wahandisi wake walitoboa barafu ya Greenland, mahali paitwapo Camp Century, hadi kufika mwambani mita 1,387 chini, na kutoa barafu hiyo katika vipande virefu vya mviringo. Theluji ya kila mwaka hulala juu ya ile ya mwaka uliopita, ikakandamizwa na kunasa viputo vya hewa ya wakati wake. Kwa kusoma tabaka hizo wanasayansi walipata kumbukumbu ya hali ya hewa ya zaidi ya miaka 100,000. Elimu hii ina uhusiano na Tanzania: mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro kwa njia ya namna hiyohiyo, na kutoka humo wakasoma vipindi vya ukame na mvua vya Afrika Mashariki vya maelfu ya miaka.

Uhusiano mwingine na Tanzania uko katika tiba. Mwaka 2001 watafiti wa shule ya tiba ya Dartmouth na wa Muhimbili walianza Dar es Salaam jaribio la chanjo ya kifua kikuu, lililohusisha watu zaidi ya 2,000 wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ushirikiano huo ulipewa jina la DarDar. Hospitali kuu ya Dartmouth ilihamia mji jirani wa Lebanon mwaka 1991, na basi la bure hufika hapo kutoka Hanover.

Saa za giza zina hazina yake. Maktaba ya Baker, iliyofunguliwa 1928, ina mnara unaoonekana kutoka mbali, na chini yake kuna ukumbi wa kusomea ambao kuta zake zimechorwa na José Clemente Orozco wa Mexico. Alifanya kazi hiyo kuanzia 1932 hadi 1934. Mbinu yake ni ya kupaka rangi juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, ili rangi na ukuta vikauke pamoja. Kila siku mchoraji hupakiwa lipu ya eneo analoweza kulimaliza siku hiyo, na kosa haliwezi kufutwa bila kubomoa. Sehemu zake 24 zinasimulia historia ya Amerika, upande mmoja kabla ya Wahispania kufika, upande wa pili baada yao. Kali kuliko zote ni ile inayoonyesha mifupa iliyovaa majoho ya mahafali, imesimama kama jopo la maprofesa, ikishuhudia mfupa ukizaa mfupa juu ya vitabu. Ni shutuma ya elimu isiyo na uhai, iliyochorwa ndani ya maktaba ya chuo kilichomlipa mchoraji. Baadhi ya wahitimu walidai michoro ifutwe. Chuo kilikataa, na huo ni uamuzi wa heshima. Mwaka 2013 michoro hiyo iliwekwa katika orodha ya alama za kihistoria za taifa. Kuitazama hakuna malipo, na Februari, wanafunzi wakiwa wameinamia vitabu chini ya mifupa ile, maana yake hupenya zaidi.

Hatua chache kutoka hapo, Makumbusho ya Hood nayo hayatozi kiingilio. Yana kazi za sanaa za Afrika, na mawe sita makubwa ya kuchongwa kutoka kasri la mfalme Ashurnasirpal wa Pili wa Ashuru, yaliyofika Hanover katikati ya karne ya 19. Katika nyumba ya Sanborn, pembeni ya maktaba, kuna desturi ya chai ya saa kumi alasiri siku za masomo, kwa senti chache, katika chumba chenye viti vya kuzama na rafu za vitabu hadi darini. Kwa chakula, mgahawa wa Lou's kwenye Main Street umekuwapo tangu 1947.

Msimu wenyewe unabadilika. Kaskazini-mashariki mwa Marekani majira ya baridi yanapata joto kwa kasi kuliko majira ya kiangazi. Bwawa la Occom huchelewa kuganda, na ipo miaka ambayo shughuli za juu ya barafu zimefutwa au theluji ya sanamu kuwa haba. Kwa hiyo anayesafiri kutoka mbali asipange safari nzima juu ya siku moja ya kuteleza. Wiki mbili za mwanzo za Februari ndizo zenye matumaini zaidi, ingawa wikendi ya tamasha vyumba hujaa mapema na bei hupanda.

Mwisho wa msimu una zao lake. Kuanzia mwisho wa Februari hadi Aprili mapema, usiku ukiwa chini ya sifuri na mchana juu yake, utomvu huanza kutembea ndani ya miti ya mepo. Wakulima wa pande zote mbili za mto hutoboa magome, hukusanya utomvu na kuuchemsha hadi uwe shira nzito ya rangi ya kahawia. Lita 40 za utomvu hutoa takriban lita moja ya shira, ndiyo maana bei yake si ndogo. Vibanda vya kuchemshia hupokea wageni, na mlo wa desturi ni shira moto iliyomwagwa juu ya theluji safi ikashikamana, ikaliwa pamoja na andazi na tango lililotiwa siki. Baada ya hapo huja wiki za matope. Ardhi huyeyuka juu ikiwa imeganda chini, maji hukosa pa kwenda, na barabara za udongo za Vermont humeza magurudumu ya magari hadi katikati. Wakati huo vijia vingi vya milimani hufungwa ili visiharibiwe, na hoteli hushusha bei.